Kuvu wa Mizizi Hawaleti Tija: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua kwa Vitalu na Mashamba ya Mombasa

Mimea mingi tunayopanda huku pwani huishi na kuvu wadogo ndani ya mizizi yake: mahindi, muhogo, pilipili, mwembe, mchungwa, mkorosho, hata mnazi. Kuvu hawa huitwa maikoriza. Nyuzi zao hupenya mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, zikaleta fosforasi, zinki na shaba, na mmea ukawalipa kwa sukari na mafuta unayotengeneza majanini. Katika udongo wa matumbawe wa Nyali, Bamburi, Shanzu na Likoni, msaada huo ni mkubwa, kwa sababu chokaa iliyojaa humo huikamata fosforasi na kuifanya isishikike na mizizi.

Siku hizi chanjo za kuvu huuzwa kama unga, punje au maji, na malalamiko yamekuwa mengi: nimenunua, nimetia, sikuona kitu. Mara nyingi kuvu hawana kosa. Kabla hujatoa pesa ya kopo la pili, chunguza mambo manne kwa utaratibu huu: aina ya mmea, fosforasi iliyomo udongoni, chumvi ya maji, na joto la kifuko cha mche. Mengi ya matatizo yaliyo hapa chini huishia kwenye mojawapo ya hayo manne.

Dalili ya 1: Chanjo imetiwa, hakuna tofauti yoyote

*Mmea wenyewe haupokei kuvu.* Hiki ndicho kisababishi cha kwanza kukagua kwa sababu hakigharimu chochote. Sukuma wiki, kabeji, figiri na koliflawa hazishirikiani na maikoriza. Mchicha, spinachi na bitiruti nazo kwa kawaida hazishirikiani. Ukiwa na bustani ya sukuma wiki na mchicha pekee, usinunue chanjo hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Tena, ukipanda mboga hizo msimu baada ya msimu kwenye tuta lilelile, kuvu waliokuwamo hupungua kwa kukosa mwenyeji. Pitisha mahindi, kunde, kitunguu au pilipili katikati.

*Fosforasi imezidi.* Mmea ukipata fosforasi tele bila jasho, huacha kuwalisha kuvu, nao hawaingii mizizini au huingia wachache. Mbolea ya DAP ina asilimia 46 ya fosfati. Kijiko cha DAP kikiwekwa shimo moja na chanjo, umenunua vitu viwili vinavyopingana. Samadi ya kuku hufanya vivyo hivyo: ikizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko wa kitalu, tarajia kuvu wachache. Tiba ni kutotia fosforasi kwenye mchanganyiko wa miche iliyochanjwa kwa majuma 6 hadi 8 ya mwanzo. Mmea ukihitaji nitrojeni, tumia mbolea ya CAN kidogo kidogo ikiwa imeyeyushwa katika maji. Shamba ambalo limepata DAP kila msimu kwa miaka linahitaji kupimwa udongo kwanza, maana huenda fosforasi iliyolala humo inatosha miaka kadhaa.

*Chanjo haikugusa mzizi.* Mbegu za kuvu hawa hazitembei. Ukinyunyiza unga juu ya udongo na kumwagilia, sehemu kubwa hubaki juu na kukauka. Chanjo ikae chini ya mbegu, sentimita 2 hadi 5, au igusane na mizizi wakati wa kuhamisha mche. Kwa mche wa mti, vijiko viwili vikubwa vilivyojaa (gramu 30 hadi 50 za chanjo ya udongo) vinatosha ikiwa vimewekwa mahali pake. Chanjo za viwandani zina nguvu tofauti, kwa hiyo fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

*Chanjo imekufa.* Angalia tarehe ya mwisho, kisha uliza ilihifadhiwa wapi. Kopo lililokaa kwenye rafu inayopigwa na jua la Februari, au kwenye buti ya gari kutoka mjini hadi Mtwapa, huenda halina uhai tena. Jiepushe na chanjo isiyotaja aina ya kuvu wala idadi ya mbegu kwa gramu.

*Udongo wako tayari una kuvu wa kutosha.* Hii hutokea zaidi katika mashamba ya zamani ya minazi na mikorosho yenye nyasi chini, yasiyolimwa kwa trekta. Hapo chanjo haiongezi kitu, na wala si hasara kuijua habari hiyo mapema.

Ili kujua kwa hakika, fanya jaribio la vifuko 10 vya mahindi. Tumia udongo uleule utakaoupanda. Vifuko 5 vipe chanjo kama ilivyo. Vifuko 5 vipe kiasi kilekile cha chanjo iliyochemshwa kwenye maji nusu saa, ili kuvu wafe na rutuba iliyomo ibaki. Wengi huruka hatua hii ya kuchemsha, kisha husifu kuvu kwa kazi iliyofanywa na mboji iliyochanganywa kwenye unga. Changanya vifuko kitaluni visikae upande mmoja wa jua, subiri majuma 6, kata mimea usawa wa udongo, kausha na upime kila kundi. Uzito ukikaribiana, acha kununua.

Dalili ya 2: Miche imedumaa, majani ya chini yana rangi ya zambarau

Zambarau kwenye kingo za majani makuukuu ya mahindi ni dalili ya kukosa fosforasi. Zipo aina chache za mahindi zenye rangi hiyo kwa asili, basi linganisha na shamba jingine la mbegu ileile.

Katika vitalu vya mjini, kisababishi kinachoongoza ni mchanganyiko usio na uhai. Udongo uliochomwa kwenye pipa kuua magugu na minyoo huua kuvu pia. Mchanga uliooshwa na vumbi la makumbi havina kuvu tangu mwanzo. Kuchoma udongo si kosa, ila lazima uurudishie kuvu baada ya kupoa.

Cha pili ni dawa za ukungu zinazomwagwa udongoni. Zenye carbendazim au benomyl huwaumiza sana maikoriza. Metalaxyl, inayotumika dhidi ya kuoza kwa mizizi, haiwadhuru kwa kiasi hicho. Shaba ikirudiwa mara nyingi hujikusanya udongoni. Kupulizia majani kuna madhara madogo kuliko kumwaga shinani. Ukilazimika kumwaga, subiri majuma 3 hadi 4 kabla ya kutia chanjo.

Cha tatu ni udongo uliolowa maji muda mrefu. Kuvu hawa wanahitaji hewa. Vifuko vilivyowekwa juu ya karatasi ya nailoni isiyo na mashimo wakati wa masika hujaa maji chini hata juu pakionekana pakavu. Toboa vifuko upya, mashimo 6 hadi 8, na uvitandike kokoto.

Kama unaanza na mchanganyiko mfu, unaweza kutengeneza chanjo yako mwenyewe. Kazi hii huchukua takriban miezi mitatu na nusu:

1. Changanya mchanga wa mto sehemu 3 na udongo sehemu 1 uliochimbwa kwenye mizizi ya nyasi za zamani zenye afya, kina cha sentimita 5 hadi 20. Mchanga wa bahari usitumie kabisa.
2. Jaza ndoo zilizotobolewa, panda mahindi na vitunguu pamoja, kwa wingi.
3. Usitie mbolea yenye fosforasi. Majani yakififia sana, mwagia CAN, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10.
4. Baada ya majuma 12, acha kumwagilia siku 10 hadi 14. Mmea unapokauka, kuvu hutengeneza mbegu kwa wingi.
5. Kata mashina uyatupe, katakata mizizi vipande vya sentimita moja, changanya na udongo wake.
6. Tumia kopo 1 kwa kila makopo 9 ya mchanganyiko wa kitalu. Kinachobaki hifadhi kwenye gunia kivulini, utumie katika miezi michache.

Onyo. Udongo hubeba maradhi. Usichimbe chini ya mgomba, mnyanya, mbiringanya au pilipili, wala karibu na mmea ulionyauka. Na chanjo au udongo kutoka nje ya nchi hauingizwi bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Hapo usijaribu njia ya mkato, kwani ugonjwa mmoja wa udongo ukishaingia kisiwani hautoki.

Dalili ya 3: Majani machanga ni njano, mishipa imebaki kijani

Hii si kazi ya kuvu hata kidogo, lakini huletwa kama lalamiko la kuvu kila mara. Ni ukosefu wa madini ya chuma unaosababishwa na chokaa. Udongo wa matumbawe huwa na pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 7.5 na 8.5, na hapo chuma hujifunga kisipatikane. Michungwa, milimau, mipapai na maua ya bustani za Nyali huonyesha mapema.

Pima pH kwanza. Kisha angalia kama kifusi cha saruji au chokaa ya ujenzi kimezikwa hapo, jambo la kawaida kwenye viwanja vipya. Tiba ya haraka ni kupulizia salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, jioni, kwanza kwenye tawi moja ili kuona kama itaunguza. Tiba ya udongoni ni chuma cha aina ya EDDHA. Ile ya EDTA, ambayo ni rahisi zaidi kuipata madukani, huvunjika kwenye pH ya juu, na hutafaidi chochote kwa udongo wetu. Kwa muda mrefu, ongeza mboji na matandazo.

Dalili ya 4: Mche unanyauka mchana ingawa udongo una maji

Anza na chumvi. Visima vingi vya kisiwani na vya karibu na ufuo vina maji ya munyu, na hali huwa mbaya zaidi kabla ya mvua za Aprili. Tumia kipima chumvi kidogo cha mkononi. Chini ya 0.7 dS/m maji ni salama kwa mazao mengi. Kati ya 0.7 na 3 chagua mazao na umwagilie kwa uangalifu. Zaidi ya 3, mimea mingi itaumia, na mbegu za kuvu huota kwa shida. Maikoriza humsaidia mmea kustahimili chumvi kidogo. Hawageuzi maji ya munyu kuwa matamu, na anayekuuzia chanjo kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Vumbi la makumbi ni chanzo kingine cha chumvi, hasa makumbi yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari. Lioshe kwa maji matamu mara kadhaa mpaka maji yanayotoka yapime chini ya 1 dS/m. Kifuko kilichokwisha kupata chumvi huoshwa kwa kumwaga maji mazuri mara mbili hadi tatu ya ujazo wake, polepole, huku yakitoka chini. Maji ya mvua ya bati ni bora kuliko yote kwa kazi hii.

Kisha pima joto. Kifuko cheusi kinachopigwa na jua la alasiri upande mmoja hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Ingiza kipimajoto sentimita 5 upande wa magharibi saa nane mchana. Ukiona 40 au zaidi, mizizi ya upande huo inakufa pamoja na kuvu wake. Bananisha vifuko, zungushia safu ya nje mchanga au mbao, na weka wavu wa kivuli wa asilimia 50. Makuti hufaa sawasawa, na ni ya bei nafuu.

Baada ya chumvi na joto ndipo ufikirie ugonjwa. Kwa nyanya, biringanya na pilipili, kata shina karibu na ardhi na ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi za ute mweupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria.

Simama hapo. Hakuna chanjo wala dawa itakayouponya mmea huo. Ng'oa pamoja na udongo wa shinani, usitupe kwenye mboji, osha jembe na viatu, usihamishe udongo wala miche kutoka kitalu hicho, na umwite afisa wa kilimo wa kaunti. Kitalu kinachouza miche kina wajibu kwa mashamba ya watu wengine.

Dalili ya 5: Mvinje umegeuka njano na haukui

Mvinje unajulikana kwa kusimama juu ya jiwe tupu. Machimbo ya chokaa ya Bamburi, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, ni ushahidi unaoweza kutembelewa leo katika Haller Park, na mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyovumilia pale. Lakini uvumilivu huo una wasaidizi: bakteria wa Frankia wanaotengeneza nitrojeni kwenye vinundu, na kuvu wanaoleta fosforasi. Ukimpa kuvu bila Frankia, mvinje hubaki njano.

Fukua mizizi ya mche wa miezi minne. Vinundu vya mvinje ni vishada vigumu vyenye umbo la tumbawe dogo. Kama havipo, chukua vinundu vibichi gramu 50 kutoka mvinje mkubwa wenye afya, visafishe, viponde kwenye lita 5 za maji yasiyo na klorini, chuja, na umwagie kila kifuko mililita 20 siku hiyohiyo. Maji ya mfereji yaache wazi usiku kucha kwanza. Rangi hubadilika baada ya majuma 6 hadi 10. Ikiwa vinundu vipo na rangi bado ni njano, rudi kwenye dalili ya 3.

Mvinje mkubwa wenye uyoga mgumu wa kahawia kama rafu shinani ni habari nyingine. Hao ni kuvu waharibifu wa jamii ya Ganoderma, wanaoozesha mizizi na shina. Usitie chanjo, usichimbe mizizi, usifunge pembea hapo. Mti wa namna hiyo unaweza kuanguka kabla majani hayajaonyesha lolote. Ukiwa karibu na nyumba, barabara au waya za umeme, mwite mkata miti mwenye ujuzi na vifaa.

Dalili ya 6: Mbambakofi au mrihi huota vizuri, kisha husimama

Mbegu kubwa ya mbambakofi humlisha mche miezi ya kwanza, kwa hiyo tatizo hujificha. Miti hii miwili hutumia kuvu wa aina nyingine, wanaovika ncha za mizizi ala kwa nje. Chanjo ya kawaida ya madukani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahindi na nyanya, mara nyingi haina kuvu hao. Soma pakiti: ikiwa imeandikwa Glomus au Rhizophagus pekee, si ya mbambakofi.

Ukaguzi hauhitaji hadubini. Osha mizizi kwa upole uitazame kwa kioo cha kukuzia. Ncha fupi, nene, zenye matawi na rangi tofauti na mzizi wote ni dalili njema. Ncha nyembamba zenye vinyweleo vitupu zinaonyesha kuwa kuvu hawapo. Dawa ni udongo kidogo wa juu na majani yaliyooza kutoka chini ya mti mama wa aina hiyohiyo, kopo 1 kwa makopo 9. Arabuko-Sokoke ni msitu uliohifadhiwa. Usiingie na gunia bila idhini. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Gede, na ni mahali pazuri pa kuulizia udongo na miche ya miti hii.

Dalili ya 7: Nyuzi nyeupe au uyoga kwenye kifuko

Watu hufurahi, na wengine huogopa. Nyuzi nyeupe unazoziona kwa macho kwenye matandazo au vumbi la makumbi, mara nyingi sana, ni kuvu wanaokula mabaki ya mimea. Maikoriza wa mahindi na miembe hawaonekani bila hadubini. Nyuzi hizo hazidhuru, isipokuwa zikifanya tabaka linalozuia maji kupenya. Likwaruze kwa uma na upunguze kumwagilia. Zikizunguka shina na shina likawa laini au lenye maji, tenga mche huo leo.

Dalili ya 8: Mizizi ina vinundu na hujui ni vya nini

Kwenye kunde au njugu, kinundu kinachobanduka kwa kidole na chenye rangi ya waridi ndani ni cha bakteria wema. Uvimbe ulio sehemu ya mzizi wenyewe, usiobanduka, ni wa minyoo fundo, na hushambulia nyanya na bamia vibaya. Maikoriza wa mazao hawaleti uvimbe wowote. Ukikuta minyoo fundo, usitumie udongo huo kutengenezea chanjo.

Kupeleka sampuli maabara

Ukishapita dalili hizi na tatizo limebaki, au ukiwa karibu kununua chanjo ya shamba zima, usikisie. Chimba mimea 5 dhaifu na 5 yenye afya, kina cha sentimita 20. Weka mizizi myembamba, kiganja kimoja kwa kila mmea, kwenye chupa ya spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Udongo, nusu kilo kwa kila kundi, uweke kwenye mfuko mkavu wenye lebo: mahali, zao, tarehe, mbolea na dawa zilizotumika msimu huo. Mimea inayoshukiwa ugonjwa ipelekwe mizima na mibichi, imefungwa kwa gazeti, bila spiriti. Anza na KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo, au ofisi ya kilimo ya kaunti wakuelekeze maabara inayofaa. Omba fosforasi, pH na chumvi zipimwe pamoja na kiwango cha kuvu mizizini, kwani namba ya kuvu ikija peke yake haitakuambia kwa nini wako wachache.